Buck Weaver alijua, mimi pia nilijua

Wacha nianze na mpira wetu kabla sijafika ule wa Marekani.

Mwaka niliomaliza fomu foo, timu yetu ya Burat ilifika fainali ya kombe la Krismasi. Kombe lilikuwa la mheshimiwa fulani, zawadi ilikuwa fahali mmoja, seti ya jezi na mipira mitatu. Ukiwa umekaa upande huu wa Isiolo unajua fahali si zawadi ya kuchekelea. Wakati huo alikuwa anaenda kama elfu arobaini sokoni, na sisi tulikuwa tumeshamgawa kichwani hata kabla ya nusu fainali: nani atauza, nani atanunua buti, nani atalipa deni la duka. Uwanja wenyewe ni vumbi tupu, upande wa LMD, magoli ya miti, laini za jivu.

Nilikuwa nacheza namba sita. Siku mbili kabla ya fainali nilikuwa kwa shamba letu la vitunguu kando ya Mto Isiolo, zamu yetu ya mfereji, nimeinama nafungua maji kwa jembe. Kepteni akaja na jamaa wa boda, mtu wa mjini ambaye nilimjua sura tu. Hawakuniona. Nikasikia hesabu yote. Yeye na mabeki wawili, elfu tano kila mtu, kwa sababu kuna watu mjini walikuwa wamewekeana dau kubwa kwa hiyo mechi. Waliponiona, kepteni hata hakushtuka sana. Akaniambia, "Wewe tulia tu. Hatukuhitaji kwa hii, na hatuhitaji maneno." Jamaa wa boda akatoa mia tano, akaninyooshea. Nikakataa.

Hiyo mia tano niliyokataa nimeitembeza kichwani miaka kumi na moja sasa, kama risiti.

Fainali tulipigwa tatu kwa moja. Hilo moja nilifunga mimi. Nilikimbia siku hiyo mpaka nikatapika nyuma ya goli, na wazee walinipiga mgongoni wakisema angalau kuna kijana mmoja alicheza. Lakini mpira ukiingia mara tatu watu hawamwangalii beki aliyechelewa nusu hatua. Wanamwangalia anayeuokota wavuni. Kipa wetu alikuwa kijana wa Leparua, na hakuwa wa kabila letu. Kabla jua halijazama uwanja mzima ulikuwa umeshaamua kwamba ameuza mechi. Mtu akarusha jiwe. Likampata bega. Wiki hiyo vijana wa pande mbili walikuwa wanatembea na rungu barabarani, na Burat, ambapo mbuzi kumi wakipotea usiku watu hawalali, hilo si jambo dogo. Wazee wakakaa chini ya mti, wakalituliza. Kipa hakurudi kucheza na sisi tena.

Na mimi sikusema kitu. Si kwa wazee, si kwa kocha, si kwake.

Miaka minne baadaye nilikuwa hosteli Nairobi, mwenzangu wa chumba alikuwa na filamu kwenye laptopu, *Eight Men Out*, ya 1988, kuhusu timu ya besiboli. Besiboli usiniulize sana. Mtu anarusha mpira mdogo mgumu, mwingine anajaribu kuupiga kwa gongo, halafu kuna kukimbia. Nilikuwa naangalia nusu-nusu huku nafua soksi. Mpaka akatokea mchezaji mmoja, Buck Weaver, nikaacha soksi kwa beseni.

Hadithi yenyewe ni ya kweli na ni ya msimu wa 1919. Chicago White Sox walikuwa timu ya kuogopwa. Walishinda mechi 88 wakapoteza 52, wakachukua ubingwa wa ligi yao. Mrushaji wao mkuu, Eddie Cicotte, alishinda mechi 29 peke yake msimu huo, na wa pili wake, Lefty Williams, 23. Fainali kuu, World Series, walikutana na Cincinnati Reds, anayefikisha ushindi wa mechi tano ndiye bingwa. Usiku wa kuamkia mechi ya kwanza, Cicotte alikuta dola 10,000 chini ya mto wake hotelini. Kesho yake, tarehe 1 Oktoba, mpigaji wa kwanza wa Cincinnati aliposimama, Cicotte alimgonga na mpira mgongoni. Hiyo ilikuwa ishara kwa wenye pesa: biashara iko. White Sox wakapigwa tisa kwa moja siku hiyo, na mwishowe wakapoteza fainali kwa mechi tano dhidi ya tatu.

Walioshtakiwa walikuwa wanane, lakini hawakuwa sawa. Kuna aliyepanga. Kuna wale waliochukua pesa wakatekeleza. Joe Jackson, mmoja wa wapigaji bora kuwahi kuonekana, alipokea dola 5,000 kati ya 20,000 alizoahidiwa, na bado akapiga mipira 12 vizuri kwenye fainali, kwa hiyo watu wanabishana mpaka leo aliuza nini hasa. Halafu kuna Weaver. Yeye alikaa kwenye mikutano. Alisikia mpango. Hakuchukua hata senti, na fainali aliicheza kama mtu anayetaka kushinda: alipiga vizuri mara 11, bila kosa hata moja la ulinzi. Ila hakumwambia mtu.

Unaona kwa nini niliacha soksi.

Mambo yalifumuka Septemba 1920 mbele ya baraza la mashtaka Chicago, Cicotte akalia akakiri. Kesi ikaenda kortini mwaka uliofuata. Karatasi za kukiri zikapotea kiajabu, na tarehe 2 Agosti 1921 wote wakaachiliwa. Inasemekana kulikuwa na sherehe. Sherehe haikufika mbali. Kesho yake Kenesaw Mountain Landis, jaji aliyekuwa amepewa ukubwa wa besiboli yote, akawafungia maisha. Alichosema, kwa maneno yangu, ni kwamba korti iseme itakavyo: anayeuza mechi, anayeahidi kuuza, na anayekaa na wauzaji akasikia na asiende mbio kuiambia klabu yake, wote hao hawatacheza tena. Weaver hakuwa amefika miaka 31. Aliomba arudishwe mara nyingi, akakataliwa kila mara, mpaka akafa 1956.

Swali ni hilo. Aliyejua akanyamaza, ana kosa lilelile la aliyeuza?

Hosteli tulibishana mpaka saa tisa usiku. Mwenzangu, mtoto wa Kayole, alikuwa na jibu la haraka: kuchomea watu wako ni dhambi kubwa kuliko kuuza mechi, na huyo jaji ni fala. Sikukubaliana naye, na pia sikumwambia kwa nini nilikuwa nabishana kwa sauti kubwa hivyo. Kwa sababu Landis ana hoja, tumpe haki yake. Mechi haiuzwi na mtu mmoja. Huuzwa na watatu wanaotenda na saba wanaoangalia kando. Kama kila anayesikia angesema, hakuna mwenye pesa angethubutu kuja, angejua anatupa pesa mtoni. Kwa hiyo kimya si kitu kilichosimama nje ya biashara. Ni sehemu ya bidhaa. Yule jamaa wa boda hakuninyooshea mia tano kwa sababu alihitaji miguu yangu, alikuwa ananunua mdomo, na ukweli ni kwamba aliupata bure. Nilimfanyia diskaunti.

Lakini hoja ya Landis ina tundu, na ni tundu ambalo mtu wa Kenya analiona upesi. Weaver angemwambia nani? Mwenye klabu, Charles Comiskey, alisikia tetesi fainali ikiwa bado inaendelea. Kocha wake alishuku, habari ikamfikia. Akatangaza zawadi kwa mwenye ushahidi, halafu ushahidi ulipojaribu kubisha mlango hakuufungulia. Saba kati ya wale wanane walirudi uwanjani msimu wa 1920 wakamchezea, na tiketi zikauzwa. Yeye pia alijua akanyamaza, na kimya chake kilikuwa kirefu kuliko cha Weaver, chenye faida kuliko cha Weaver. Hakufungiwa hata siku moja. Uwanja ulibaki na jina lake na mwaka 1939 akaingizwa kwenye jumba la mashujaa wa besiboli. Landis mwenyewe, msafi wa wasafi, aliongoza mchezo huo tangu 1920 mpaka alipokufa 1944, na muda wote huo hakuna mtu mweusi aliyecheza ligi zile kubwa. Jackie Robinson aliingia 1947. Kuhusu kimya hicho, hakuna aliyefungiwa.

Kwa hiyo ukiniambia kimya ni kosa, nitakuuliza kwanza kimya cha nani kinahesabiwa.

Usidhani pia ni mambo ya Wazungu wa zamani. Mwaka 2021 FIFA iliiondoa Zoo ya Kericho kwenye ligi kuu yetu kwa sababu ya kupanga matokeo, timu iliyokuwa imepanda ligi hiyo 2017 na kushangaza watu. Hapa hawakuhangaika kupima nani alitenda na nani alisikia. Klabu nzima ikashushwa. Nilimfikiria sabu fulani wa Zoo ambaye labda hakujua lolote, amekaa benchi na jezi safi, anasoma habari hiyo kwa simu kama sisi wengine. Ligi yetu ni ya mishahara inayochelewa miezi, kila mtu anajua, na kuna watu huona hiyo inatosha kuwa sababu. Chicago pia walisema hivyo, kwamba Comiskey alikuwa mkono wa birika, wachezaji wakala rushwa kwa njaa. Watafiti walipokuja kuangalia vitabu vya mishahara wakakuta White Sox ilikuwa kati ya timu zilizolipa vizuri zaidi. Njaa ni sababu ya kweli mara nyingi. Pia ni koti ambalo hata walioshiba huliazima.

Likizo iliyopita nilienda nyumbani, na jioni moja nikamsimulia bibi yangu, Akko, hadithi ya Weaver. Ya kwangu sikugusa. Alikuwa anachemsha chai ya maziwa ya ngamia na alinisikiliza kwa ile namna yake ya kukaa kama hasikii.

Lazima nieleze Akko ametoka wapi. Alikuwa msichana mdogo wakati wa vita vya shifta, miaka ya sitini. Wazee wetu wa Waso huita kipindi hicho Gaf Daba, wakati kila kitu kilisimama. Serikali iliwakusanya watu kwenye kambi, Garba Tula, Merti, Modogashe, na mifugo iliyokutwa nje ikapigwa risasi. Watu waliokuwa na ngamia wakatoka hapo wakiwa hawana kitu. Wengi waliokuja kukaa karibu na mji wa Isiolo, kulima, kuuza kuni, walikuja kwa sababu hiyo. Akko alikuwa ndani ya kambi ya Garba Tula.

"Wanajeshi walikuwa wanauliza, shifta walilala kwa nani jana," akasema. "Ukisema, usiku wanakuja wenyewe. Usiposema, mchana ngamia wanakufa."

"Kwa hiyo mlinyamaza?"

"Wengine walisema, wengine walinyamaza. Wote walizikwa."

Akamimina chai. Nilidhani mazungumzo yameisha. Mimi nilikuwa nimekuja na swali la darasani, kimya ni kosa au si kosa, na yeye amelijibu kwa makaburi. Nikaanza kujisikia vizuri kidogo, kusema kweli. Nikajiambia, sisi ni watu waliofundishwa na risasi kwamba mdomo unaua, nani anaweza kunilaumu mimi wa vitunguu?

Halafu akauliza, "Huyo Mzungu wako, alikula hizo pesa?"

"Hapana, Akko."

"Na kimya chake kililipiwa na nani?"

"Vipi?"

"Mtu akinyamaza kuna mwingine analipa. Sisi tuliponyamaza tulilipa na ngamia wetu wenyewe. Yeye alilipiwa na nani?"

Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi hujamaliza hadithi," akaanza kuongea juu ya bei ya sukari.

Nilirudi Nairobi nikasoma upya, safari hii nikimtafuta huyo aliyelipa. Na nikampata, ingawa filamu ilikuwa imemwonyesha na mimi nikampita. Anaitwa Dickie Kerr. Mrushaji mfupi, msimu wake wa kwanza kwenye ligi kubwa, hakuwa na habari za mpango, na hata kama angekuwa nazo hakuna aliyefikiria kumshirikisha. Mechi ya tatu ya fainali walimpa mpira. Akawazima Cincinnati kabisa, tatu bila. Mechi ya sita wakampa tena, akashinda tano kwa nne baada ya muda wa ziada. White Sox walishinda mechi tatu tu kwenye fainali ile, na mbili zilikuwa zake. Hebu mfikirie huyo kijana. Yuko katikati ya uwanja, nyuma yake kuna wenzake ambao baadhi yao wamelipwa ili yeye ashindwe. Anarusha mpira ukidakwa anafikiri ni timu, ukidondoshwa anafikiri ni bahati mbaya. Na pembeni pale, hatua chache tu, amesimama Buck Weaver, mchezaji msafi, anadaka kila kitu, anacheza kwa roho yake yote, na anajua.

Hapo ndipo Weaver aliniponyoka. Miaka yote nilikuwa nimemtetea kwa ile fainali aliyocheza. Bila kosa hata moja! Nilikuwa nasema hivyo kama wakili. Lakini kucheza vizuri hakukumsaidia Kerr kitu. Kulimsaidia Weaver. Kulimpa cha kuonyesha baadaye. Mimi najua namna mtu anavyokimbia hivyo, mpaka kutapika, na sasa najua nilikuwa nakimbilia wapi. Nilikuwa natafuta ushahidi wangu. Kipa wetu alikuwa golini peke yake, anapiga kelele kwa mabeki wakae sawa, sauti imekauka, na mimi nilikuwa mbele nafunga bao ambalo lilikuwa na kazi moja tu, kunisafisha.

Kwa hiyo jibu langu limekuwa hili, na unaweza kunikosoa. Aliyenyamaza hana kosa la aliyeuza. Landis alikosea kuwatia wote gunia moja, na alikosea zaidi kuacha wakubwa nje ya gunia. Kuna kimya cha kambi, ambapo bunduki iko pande zote mbili na anayenyamaza hulipa mwenyewe. Na kuna kimya ambacho bili yake inapelekwa kwa mtu mwingine, mara nyingi mtu aliye mbali na wewe kidogo, wa kabila lingine, mgeni kwenye timu, kijana wa msimu wa kwanza. Hicho cha pili ni deni. Si uchafu wa kuoshwa, ni deni, na deni lina mwenyewe.

Hii ndiyo shida yangu na adhabu ya maisha. Haikumlipa mtu. Weaver alitumia miaka 35 akibisha hodi kwa wakubwa wa ligi, kana kwamba ligi ndiyo aliyoikosea. Nimesoma kuhusu maombi yake, jina lake, haki yake. Sijakutana popote na mtu aliyemuuliza kama ana chochote anachodaiwa na Dickie Kerr. Comiskey ndiye aliyefikiria jambo la kufanana na hilo, kwa namna yake ya tajiri: mwaka 1920, siri ilipotoka, aliwapa wachezaji wasafi dola 1,500 kila mmoja, kufidia tofauti ya pesa za mshindi na za aliyeshindwa. Hundi ya benki. Na Mei 2025 mkuu wa besiboli wa sasa, Rob Manfred, alitangaza kwamba kifungo cha maisha kinaisha mtu akifa, hivyo wale wanane wote wakatolewa kwenye orodha. Weaver alikuwa amekaa kaburini karibu miaka 70. Watu wakashangilia kwenye mitandao. Sijui ni nani hasa alilipwa siku hiyo.

Huku kwetu, kwa ubaya wetu wote, tulijua deni linaelekea wapi. Tamko la Modogashe la 2001, ambalo wazee wa wilaya hizi walikubaliana ili kumaliza mauaji ya mifugo na malisho, lilisema mwanamume akiuawa ngamia 100 waende, mwanamke 50. (Hiyo nusu ya mwanamke ina kesi yake, nitaifungua siku nyingine.) Ngamia hao hulipwa na ukoo, hata wale ambao hawakushika silaha, hata wale waliosikia tu, na hata wasiosikia. Vijana wa mjini tunaona hiyo si haki, mimi nikiwa mmoja wao. Kumlipisha asiyejua ni kosa lilelile la Zoo. Ila angalia mwelekeo wa ngamia. Hawaendi kwa serikali wala kwa ligi. Wanatembea kwa miguu yao mpaka kwenye boma lililofiwa, wanaingia, wanaonekana.

Wiki tatu zilizopita nikatafuta namba ya kipa. Haikuwa ngumu, na hilo linaniuma pia, miaka kumi na moja na ilikuwa simu mbili tu. Siku hizi anafanya kazi ya ulinzi upande wa Leparua. Nikajitambulisha, akanikumbuka, akaniita kwa jina la uwanjani. Tukasalimiana salamu zote, mvua, mifugo, watoto. Anao wawili. Halafu nikamwambia, moja kwa moja, kwa sababu nilijua nikizunguka nitarudi nyuma. Shamba, mfereji, jamaa wa boda, kepteni.

Akanyamaza. Nilisikia upepo kwa simu yake.

"Walilipwa ngapi?"

"Elfu tano kila mtu."

Akacheka, na hakikuwa kicheko kibaya. "Elfu tano. Na fahali alikuwa arobaini." Kisha akauliza, "Wewe ulipata ngapi?"

Nikamwambia nilikataa mia tano. Nilikuwa nimengoja miaka kumi na moja kusema sentensi hiyo kwa mtu inayemhusu, na nilipoisema nikasikia ilivyo nyepesi. Yeye pia hakuiokota. Aliiacha palepale.

"Mimi nilijua tu mabeki walikuwa na kitu," akasema. "Mpira nikiwa golini nauona wote. Mimi sina shida, ndugu yangu. Nilishasahau." Sikuamini kwamba amesahau na nadhani hakutaka niamini. "Lakini mzee wangu alikuwa uwanjani siku ile. Aliniona nikirushiwa jiwe. Tukiwa njiani kurudi aliniuliza mara moja tu kama nimeuza, nikasema hapana. Hajawahi kuniuliza tena. Mpaka leo sijui kama aliniamini."

"Nimpigie?"

"Mzee haongei mambo kama hayo na simu. Njoo umwambie. Na uje na mtu mzima wa kwenu."

Nilimpigia baba yangu jioni hiyo. Ilibidi nimweleze yote, yeye ambaye alinipiga mgongoni siku ile kwa lile bao. Hakusema lolote juu ya bao. Aliuliza ni mzee gani wa Leparua, nikamtajia, akasema anamjua, walikaa pamoja chini ya ule mti kutuliza ile fujo. Akasema, "Mimi nilimwambia siku hiyo kwamba tumemsamehe kijana wake."

Tunaenda Jumamosi hii. Nimekata basi la usiku la Ijumaa, na baba amesema nisije mikono mitupu, kwa hiyo nimenunua sukari kilo nne na majani ya chai. Kepteni wetu bado yuko Burat, ana duka la vipuri vya pikipiki karibu na stendi, na akisikia nimefika atataka kujua nimekuja kwa nini. Baba ameuliza kama tumpitie, twende watatu. Bado sijamjibu.